Chumba cha Kurekodia Kwenye Nyumba ya Kupanga: Somo Nililolipia kwa Trei 60 za Mayai

Kila mwanafunzi aliyewahi kuota studio getoni kwake anaijua habari ya trei za mayai. Hakumbuki aliisikia kwa nani, lakini anaijua: bandika trei ukutani, sauti haitoki. Mimi nilibandika 60. Nilizikusanya wiki mbili kwa wauza chipsi wa njia ya kwenda chuoni. Nyingine nilipewa bure, nyingine nikauziwa shilingi 200 kila moja na jamaa aliyekwisha kuona kwamba nina shida. Zikatosha ukuta mmoja, ule ninaopakana na jirani, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kichwa. Jumapili jioni nikasimama katikati ya chumba nikijiona fundi.

Jumatatu saa nne asubuhi mlango ukagongwa. Jirani yangu ni nesi, na wiki ile alikuwa zamu ya usiku.

“Mdogo wangu,” akasema, amejifunga kanga, macho mekundu, “mimi nimerudi saa mbili. Hicho kitabu unachosoma ni kizuri, lakini konsonanti zote nimeshazijua. Naomba nilale.”

Nikamwomba radhi, nikamwonyesha trei. Akaziangalia, hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akasema neno moja ambalo sikulitilia maanani siku hiyo: “Sauti yako haitokei ukutani. Inatokea juu ya kichwa changu, kama vile umekaa darini.”

Nieleze nilikuwa nasoma nini. Tuna mwenzetu wa mwaka wa tatu, anachukua Kiswahili, haoni. Tunamwita Profesa, na nadhani siku moja jina hilo litakuwa la kweli. Vitabu anavyotakiwa kuvisoma, vingi viko kwenye karatasi tu, tena fotokopi ya fotokopi. Programu ya kompyuta yake husoma maandishi vizuri yakiwa safi, lakini ukiskani ukurasa uliofifia inasoma vituko. Kwa hiyo tukajipanga watu sita: kila mmoja achukue kitabu, akisome kwa sauti, arekodi, tumpe kwenye flashi kabla ya UE. Mimi nikawa na chumba, laptopu, na maikrofoni ya kuchomeka kwenye USB niliyoinunua kwa bumu la semista ya kwanza. Kitabu nilichoangukiwa nacho ni cha fonolojia.

Jumatano Profesa akanirudishia flashi. Akaniuliza, “Ukurasa ule wa mifano ya fonimu, umesoma maneno mangapi?” Nikamwambia matatu: paka, pata, papa. Akasema, “Mimi nimesikia neno moja mara tatu.”

Hebu liangalie jambo lenyewe. Katika wiki moja, mtu mmoja analalamika kwamba ananisikia mno, tena akiwa nyuma ya ukuta wa tofali. Mwingine analalamika kwamba hanisikii, na huyo nimemsomea sentimita 20 kutoka kwenye maikrofoni. Na trei zangu 60 zipo ukutani, zimewashindwa wote wawili.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba hizi ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kuizuia sauti isivuke, yaani isitoke chumbani kwangu kwenda kwa nesi, wala mlio wa bodaboda usiingie kwangu. Ya pili ni kuituliza sauti iliyomo ndani ili isidundedunde kwenye kuta na kurudi kwenye maikrofoni. Watu wanaziita zote “kufanya chumba kisipitishe sauti”, na hapo ndipo pesa inapopotelea, maana dawa ya moja haitibu nyingine.

Njia rahisi ya kulielewa hili ni kufikiria dirisha lililo wazi. Sauti inayolifikia dirisha wazi inatoka na hairudi tena chumbani. Kwa kazi ya pili, dirisha wazi ni kitu bora kuliko chochote kinachouzwa dukani: limemeza sauti yote, asilimia 100. Kwa kazi ya kwanza, dirisha hilohilo ni balaa tupu, kwa sababu sauti yote imehamia kwa jirani. Kitu kimoja, alama A hapa na F pale. Ukuta wa tofali uliopigwa plasta na rangi ya mafuta ni kinyume chake: haupitishi kitu, lakini unakurudishia kila neno ulilotamka.

Mfano huu wa dirisha si wangu. Ni wa Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 chuo kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo mhadhiri hakueleweka. Neno likitamkwa lilibaki hewani zaidi ya sekunde 5, maneno mengine yakija kulirukia juu. Sabine akaambiwa atafute dawa. Hakuwa na mashine za kupimia. Alikuwa na bomba la kinanda, saa ya kuhesabu sekunde na masikio yake, basi. Usiku, wakati mji umelala, yeye na wasaidizi wake waliazima mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa hapohapo chuoni, wakaipanga ukumbini kidogokidogo, na kila mara akapima sauti inachukua muda gani kufa. Asubuhi mito inarudishwa kwa wenyewe. Kadiri mito ilivyozidi ndivyo sekunde zilivyopungua, na alipojaza ukumbi mzima muda ulishuka hadi kidogo zaidi ya sekunde 1. Kipimo chake cha umezaji kilikuwa hilo hilo dirisha wazi: mito kadhaa ni sawa na mita mraba fulani za dirisha wazi. Hapo likazaliwa somo zima la akustika ya majengo, na ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900 ulijengwa kwa hesabu zake.

Fomula yake ni fupi, hata sisi tulioikimbia fizikia kidato cha pili tunaiweza. Chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya mita mraba za “dirisha wazi” zilizomo. Jibu ni sekunde ambazo sauti inachukua kushuka kwa desibeli 60, yaani kufa kabisa kwa masikio ya kawaida.

Chumba changu ni mita 3 kwa 3, na kutoka sakafuni hadi siling ni mita 2.7. Ujazo ni mita za ujazo 24.3. Ukizidisha kwa 0.161 unapata karibu 3.9. Kuta, vigae na siling kwa pamoja ni kama mita mraba 50, na plasta iliyopakwa rangi inameza asilimia 2 au 3 tu ya sauti ya kawaida ya mazungumzo, tuseme 3. Hiyo ni sawa na mita mraba 1.5 ya dirisha wazi. Gawanya: sekunde 2.6. Ndiyo maana chumba ulichopewa ufunguo leo, bado kitupu, ukikohoa kinakujibu. Ukiingiza godoro, nguo na mwili wako mwenyewe unafika labda mita mraba 4 na kitu, muda unashuka kwenye sekunde 0.9. Kwa kuishi panafaa kabisa. Kwa kurekodi sauti ya mtu anayesoma unataka karibu sekunde 0.3, na hapo unahitaji mita mraba 13. Mimi nilikuwa na pengo la karibu 9. (Kwa chumba kidogo fomula hii inatoa makadirio, si hukumu. Lakini makadirio ndiyo tuliyoyakosa wote tunaoanza na gundi kabla ya kalamu.)

Sasa turudi kwa paka, pata na papa, maana hapa ndipo nilipoielewa fonolojia kuliko darasani. Irabu “a” ina nguvu nyingi. Konsonanti k, t na p ni mlipuko mdogo tu wa pumzi, mfupi mno. Katika chumba chenye mwangwi, unapofika kwenye konsonanti ya pili ya neno, ile “a” ya kwanza bado inazungukazunguka chumbani. Inamfunika mdogo wake. Kinachomfikia maikrofoni ni “pa”, ukungu, “a”. Mtu aliye mbele yako anaona midomo yako, anajua mnaongelea nini, anakisia. Isitoshe tuna masikio mawili yanayoweza kuchuja sauti ya mbele na ya pembeni. Maikrofoni yangu ni moja na inapokea yote bila kuchagua. Na Profesa, kama wenzake wengi waliozoea vitabu vya kusikiliza, anasikiliza kwa kasi mara mbili. Hana nafasi ya kukisia. Neno likija na ukungu limepita.

Akaja getoni mwenyewe Alhamisi. Hakuuliza chochote kuhusu vifaa. Alisimama mlangoni akapiga kofi moja, akasogea hatua mbili, akapiga jingine, na kuzunguka hivyo chumba kizima. Katikati ya kuta mbili tupu zinazotazamana kofi liliacha mkia, “trrrr”, kama kitana kinapopitishwa kucha. Akasema, “Hapa zinarushiana.” Ni kweli: sauti huenda karibu mita 349 kwa sekunde katika joto letu la nyuzi 30. Ukuta hadi ukuta na kurudi ni mita 6. Kofi moja linakwenda na kurudi mara 58 ndani ya sekunde moja. Alipofika mbele ya kitanda mkia ukapotea. Alipofika kwenye ukuta wa trei akapiga mara tatu. “Hapa umepunguza kidogo ile ya juu, ile ya s na ch. Mvumo umeuacha.” Mimi nilizijua trei kwa macho. Yeye alizisoma kwa makofi matatu, na alikuwa sahihi.

Sababu yake ni unene. Mawimbi ya sauti yana urefu. Mlio wa hezi 5,000, kama ule wa “s”, una urefu wa sentimita 7 hivi. Wa hezi 100, kama mvumo wa sauti nzito ya mwanamume, una mita 3 na nusu. Kitu chenye vinyweleo, kiwe blanketi au sponji, humeza sauti kwa kuisugua hewa inayokimbia ndani yake. Lakini hewa inayogusa ukuta haikimbii, imegota. Inakimbia zaidi umbali wa robo ya wimbi kutoka ukutani. Kwa hiyo kitu chembamba kilichobandikwa kwenye plasta kinayapata mawimbi mafupi tu. Ndivyo ilivyo trei, ndivyo lilivyo pazia jepesi, ndivyo ilivyo kanga. Ukijaza kanga chumba kizima utaua s na ch na kuuacha mvumo peke yake, na sauti itatoka kama umesomea ndani ya pipa. Nimeisikia hiyo kwenye nyimbo za washkaji kadhaa wa hapa kampasi, siwataji, wanajijua.

Basi tukazibandua trei, na rangi ya mama mwenye nyumba ikabanduka nazo. Badala yake nikaenda mitumbani kutafuta mablanketi mazito, yale yenye uzito wa kukuchosha begani. Nikapata manne. Fundi seremala akaniundia fremu mbili za mbao nyepesi, kila moja mita 2 kwa 1.5, zinazosimama zenyewe kwa miguu kama ubao wa matangazo. Kila fremu inabeba mablanketi mawili, moja mbele, moja nyuma, na kati yake pengo la hewa la sentimita 10. Zinakaa mbali na ukuta, sentimita 20 hivi. Pengo hilo ni la bure na linafanya kazi sawa na blanketi ambalo hukulinunua. Ninapanga fremu kwa pembe nyuma ya mgongo wangu, si nyuma ya maikrofoni kama wengi wanavyodhani. Maikrofoni yangu husikia zaidi upande wa mbele, na mbele yake nipo mimi na kile kilicho nyuma yangu. Godoro nalisimamisha ukutani, ubavuni. Sakafuni ni kapeti. Nikimaliza, fremu zinakunjwa na kuingia uvunguni, na mama mwenye nyumba akipita anaona chumba cha mwanafunzi.

Hapo kwenye mablanketi kuna neno la kuangalia. Kiswahili chetu kinaita “sufi” vitu viwili: manyoya ya kondoo, na ile nyuzi nyepesi ya mti wa msufi tunayojazia mito na magodoro. Zote mbili zinameza sauti vizuri. Lakini sufi ya kondoo haishiki moto upesi, inaungua shingo upande na mara nyingi huzimika. Sufi ya msufi inadaka moto kama karatasi. Muuzaji akikuambia “hili ni la sufi” muulize ya nani.

Nalisema hili kwa sababu mama mwenye nyumba alipoziona trei hakuuliza habari ya sauti. Aliangalia ukuta, akaangalia eksitensheni yangu iliyobeba laptopu, feni na chaja tatu, akaangalia nondo za dirishani. “Baba, hizi karatasi zikishika moto wewe utatokea wapi?” Mlango mmoja, na meza yangu iko kati yangu na mlango. Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma. Usiku wa tarehe 20 Februari 2003, katika klabu iitwayo The Station, jimbo la Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kutuliza sauti. Watu 100 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013, klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazili, sponji ya darini ilishika moto vilevile, na waliokufa ni 242, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu. Waliouawa na moshi wa sponji ni wengi kuliko waliofikiwa na miali. Kwa hiyo ukiniuliza kama unaweza kukata godoro bovu la sponji ukalibandika kuta zote za geto, jibu langu ni hapana, na sitaki mjadala. Godoro moja ninalolalia linatosha kuwa hatari.

Hadi hapo Profesa alishapona. Nesi bado.

Kazi ya kuzuia sauti isivuke haitaki ulaini, inataka uzito. Ukuta mzito ni mgumu kutikiswa, na sauti ni mtikisiko. Kanuni ya mafundi wa fani hii ni kwamba ukizidisha uzito wa ukuta mara mbili unapata nafuu ya desibeli 6 hivi, si zaidi. Nilipeleka trei 10 dukani zikapimwe: hazikufika kilo 1. Trei 10 zinafunika karibu mita mraba 1. Ukuta wa tofali ya inchi 6 iliyojaa, mita mraba hiyohiyo, ni kama kilo 300. Nilichomwongezea nesi kama kinga, ukipiga hesabu, ni desibeli 0.02. Sikio la binadamu linahitaji karibu desibeli 1 nzima ili lishtuke kwamba kuna tofauti. Yaani ningebandika nisingebandika, yeye asingejua.

Lakini ukuta wa namna hiyo, ukiwa na plasta pande zote mbili, unakata zaidi ya desibeli 40. Mtu akisoma kwa sauti ya kawaida, upande wa pili hakuna kitakachofika cha kumnyima mtu usingizi. Sasa nesi alikuwa akisikia nini?

Siku fundi umeme alipokuja kurekebisha waya wa pangaboi, akafungua kijimlango cha siling, nikamshikia ngazi na kuchungulia. Kuta za vyumba vyetu zimeishia kwenye lenta. Kutoka hapo hadi kwenye bati ni kenchi na giza, hakuna tofali hata moja. Dari ni moja kwa vyumba vyote sita, kama sebule ya panya. Ndiyo maana nesi alisema natokea juu ya kichwa chake. Sauti yangu ilipanda kwa kupenya siling ya jipsamu ambayo ni nyepesi na imetobolewa kwa ajili ya taa, ikatembea darini, ikashukia kwake kwa njia hiyohiyo. Ukuta niliokuwa nauvisha trei ulikuwa sehemu imara kuliko zote za nyumba nzima. Na mtu mwenye taarifa sahihi aliniambia siku ya kwanza, mlangoni, nikamwonyesha trei.

Sauti ni kama maji, inatafuta tundu. Upenyo wa sentimita 1 chini ya mlango wa sentimita 80 ni sentimita mraba 80. Mlango mzima ni 16,000. Upenyo ni nusu ya asilimia 1. Hata mlango ungekuwa wa mninga mtupu, kwa tundu hilo tu usingekata zaidi ya desibeli 23. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua, kabla ya chochote chenye jina la studio, ni mpira wa kuziba fremu ya mlango, ule laini kama wa milango ya magari, na kitambaa kilichoviringishwa kizito cha kulaza kizingitini. Bei yake haifiki ya mlo wa siku mbili. Madirisha ya luva hayazibiki. Ukiwa nayo, usisumbuke. Mimi nina ya aluminiamu, nikapiga silikoni pale kwenye fremu na ukuta. Mbele ya nyumba kukapungua. Kwa nesi hakukubadilika kitu, maana yeye yuko darini.

Dawa ya dari ipo: kujenga tofali hadi kwenye bati, au kuweka siling ya pili nzito isiyogusa ya kwanza, au kumwaga juu ya siling nyuzi za mwamba kama zile wanazozungushia mabomba ya moto viwandani. Nyumba si yangu. Nilimuuliza mama mwenye nyumba kuhusu tofali akaniuliza kodi ya miezi mitatu ijayo nimeleta. Na hata ningezuia kila upenyo, chumba kisichopitisha sauti hakipitishi hewa. Dar es Salaam mwezi wa pili, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, feni imezimwa kwa sababu mlio wake unaingia kwenye rekodi: nimejaribu, dakika 20 ndiyo mwisho wangu, baada ya hapo jasho linadondokea kwenye fonimu. Studio za kweli hutumia pesa nyingi sana kuingiza hewa kimyakimya. Mtu asikudanganye kwamba ni kazi ya wikiendi.

Nilichofanya ni kwenda kubisha mlango wa nesi, jioni, akiwa macho. Nikamwambia kwamba alikuwa na haki kuhusu dari na kwamba siwezi kulijenga. Nikamweleza habari ya Profesa, jambo ambalo ningepaswa kulisema tangu Jumatatu ile. Akaingia ndani akatoka na karatasi: rosta yake ya zamu ya mwezi. “Nikiwa zamu ya usiku, natoka hapa saa kumi na mbili jioni. Kuanzia hapo soma mpaka uchoke. Nikirudi asubuhi, hadi saa nane mchana, hata kijiko kisianguke.” Rosta hiyo sasa imebandikwa nyuma ya mlango wangu, na ndiyo kifaa pekee cha kuzuia sauti kilichofanya kazi asilimia 100.

Maneno mawili kwa ndugu zangu wa bongo fleva, maana najua mnasoma hapa kutafuta besi. Chumba cha mraba kama changu ndicho kibaya kuliko vyote. Ile namba 58 ya makofi ndiyo hezi ambayo kuta zote nne zinashirikiana kuivimbisha. Inavimba ukutani na pembeni, na katikati ya chumba inakufa. Ukiweka kiti chako katikati, kama wengi tunavyopenda, husikii besi hiyo, unaiongeza, unaongeza tena, halafu wimbo ukichezwa kwenye daladala vioo vinalia. Sogeza kiti kama mita 1.1 kutoka ukuta wa mbele, sikiliza tofauti. Kuhusu kupiga ngoma na besi usiku nyumba ya kupanga, mablanketi yangu hayawasaidii na rosta yangu haiwahusu. Vaeni hedifoni.

Profesa alirudishiwa sura ya fonimu mwezi uliopita, imerekodiwa upya. Alisikiliza akiwa amekaa kitandani kwangu, kasi mara mbili, kidole kikigonga goti. Paka, pata, papa. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Nikadhani kuna kosa. “Sasa maneno nayasikia yote,” akasema. “Ila kuna mtu anachota maji kwenye ndoo dakika ya nne, na jogoo dakika ya tisa.” Chumba kilipotulia, mtaa ndio ukaanza kusikika. Jogoo ni wa mama mwenye nyumba. Hilo nalo sijalipatia rosta.

Zimebaki sura nne za fonolojia na kitabu kizima cha nadharia ya fasihi ambacho msomaji wake amehama kampasi. Nesi ataingia zamu ya usiku kuanzia Jumatatu ijayo, siku saba. Anayeweza kusoma kwa sauti nusu saa bila feni aje kuanzia saa moja usiku, aje na maji yake ya kunywa, na simu azime.